Habari za Chini ya Bonde la Ufa

Ikiwa umepata kusafiri kwa barabara kutoka Limuru kwenda Naivasha, bila shaka wakumbuka mahali pale ambapo nchi hukatika ghafula. Mashamba yanakwisha, na chini yako, mbali sana, waona uwanda mpana, mlima Longonot na kinywa chake kilichoachama, na ng'ambo ya pili, ukungu ukipungua, ukuta mwingine wa Mau. Wasafiri husimama hapo wakatazama, wakanunua ngozi za kondoo, wakaendelea na safari zao. Ni wachache wanaouliza swali lililowasumbua wataalamu kwa muda mrefu: sakafu ile ilishukaje? Je, nchi ilivutwa huku na huku hata ikapasuka, na kipande cha katikati kikatumbukia? Au ilisukumwa kutoka pande zote mbili, na kuta zikapanda juu ya sakafu na kuikandamiza chini?

Usidhani kwamba swali hili ni mchezo wa maneno. Nchi inayovutwa na nchi inayosukumwa hazina tabia moja, wala hazina mwisho mmoja. Tena jibu lake halikuonekana kwa macho. Lilifichwa kilometa nyingi chini ya nyayo zetu, na iliwabidi watu wabuni njia ya kusikia mahali wasipoweza kuona.

Wenyeji wa bonde lile, Wamaasai na Watugen na wengineo, walizijua kuta zake na chemchemi zake za maji ya moto tangu kale. Katika mwaka 1883 Joseph Thomson, kijana kutoka Scotland, alipita huko na msafara wake, na habari zake zikasomwa Ulaya. Miaka michache baadaye, 1887 na 1888, Teleki na von Höhnel walisafiri hadi ziwa kubwa la kaskazini, ambalo leo twaliita Turkana. Ramani na vipimo vya von Höhnel vilimfikia mzee mmoja mjini Vienna, Eduard Suess, mwanachuoni mkubwa wa elimu ya miamba. Suess hakutia mguu wake Afrika ya Mashariki hata siku moja. Lakini alizitandaza zile ramani mezani, akaunganisha ziwa na ziwa na mlima na mlima, na katika mwaka 1891 akatangaza kwamba mabonde haya yote ni mpasuko mmoja mrefu, na kwamba nchi ilipasuka kwa kuvutwa.

Aliyekuja kuhakikisha kwa macho yake ni John Walter Gregory. Alikuwa mtu mwembamba, mfanyakazi wa jumba la makumbusho mjini London, na mwaka 1893 aliondoka pwani ya Mombasa pamoja na wapagazi wapatao arobaini, akaenda kwa miguu hadi Baringo. Ningependa ufikiri kidogo juu ya wapagazi wale. Kila jiwe ambalo Gregory alilichunguza baadaye kwa utulivu lilikuwa limebebwa kichwani na mtu wa pwani kwa mamia ya kilometa, na vitabu vingi vya elimu hii havikutaja hata jina la mmoja wao. Gregory mwenyewe ndiye aliyelipa bonde letu jina la Bonde Kuu la Ufa. Aliona kuta zimesimama wima na sambamba, kinyume cha mabonde yanayochimbwa na mito, naye akafikiri kwamba nchi ilikuwa imeinuka kama tao la mlango wa nyumba ya mawe, kisha jiwe la katikati likashuka. Mtu aliyepata kuona matao ya Lamu au Mombasa ataelewa mara moja: ukizitenga nguzo mbili za tao, jiwe la juu halina budi kuanguka.

Basi ingefaa mambo yaishe hapo. Hayakuisha. Katika mwaka 1921 E. J. Wayland, mkuu wa uchunguzi wa miamba huko Uganda, alidai kwamba bonde la Ziwa Albert halikuvutwa bali lilisukumwa. Mmarekani Bailey Willis alizunguka nyanda hizi mwaka 1929, naye akawa mtetezi wa msukumo. Halafu akaja kijana wa Cambridge, Edward Bullard, akiwa na chombo ambacho hakikujali maoni ya mtu. Kilikuwa pendulo, yaani uzito unaoning'inia na kuyumba. Mahali ambapo mvutano wa dunia ni mkubwa, pendulo huyumba upesi zaidi. Mahali ulipo mdogo, huchelewa kidogo. Tofauti hizo ni ndogo mno, na Bullard alizipima kwa subira katika miaka ya 1933 na 1934, akazichapisha mwaka 1936.

Alikuta kwamba mvutano umepungua katika nyanda zote za juu, na ndani ya bonde umepungua zaidi. Maana yake, chini ya nchi hii pana kitu chepesi. Hoja yake ilikuwa hivi. Chukua kipande cha ubao ukizamishe katika ndoo ya maji. Ukikiachilia kitaibuka, kwa sababu ni chepesi kuliko maji. Sakafu ya bonde, kwa mujibu wa pendulo, ni nyepesi; mbona basi haiibuki? Lazima iko mikono inayoikandamiza. Na mikono hiyo, akasema Bullard, ni kuta mbili zinazosukumana.

Ni hoja nzuri, nami sioni haya kusema kwamba ningeikubali kama ningaliishi siku zile. Lakini ilikuwa na tundu moja. Mizani hukuambia kwamba mzigo ni mwepesi. Haikuambii wepesi umekaa wapi ndani ya gunia. Bullard alidhani wepesi uko katika sakafu yenyewe. Je, kama ungekuwa kilometa makumi chini ya sakafu, katika miamba iliyotanuka kwa joto? Pendulo lisingeweza kuyapambanua hayo mawili.

Ajabu ni kwamba ushahidi mmoja ulikuwa umekwisha kutokea wazi kabisa. Usiku wa tarehe 6 Januari 1928 nchi ilitetemeka huko Subukia, kaskazini ya Nakuru. Ulikuwa mtetemeko mkubwa kuliko wote ambao vyombo vimepata kuupima katika Bonde la Ufa la Kenya. Wataalamu wameukadiria kuwa wa kiasi cha 6.9. Chini ya ukuta wa Laikipia na Marmanet ardhi ilipasuka kwa urefu wa karibu kilometa 38, na mahali pengine upande wa bonde ulishuka kwa zaidi ya mita mbili. Zingatia neno hilo, ulishuka. Kama kuta zingekuwa zinasukumwa kuelekea katikati, upande wa ukuta ndio ungepanda juu ya ule wa bonde. Willis mwenyewe alieleza habari za mtetemeko huo katika kitabu chake cha 1936, na bado akashika imani yake ya msukumo. Mtu akiisha kuipenda rai yake, ni vigumu kuiacha hata nchi yenyewe ikimkana.

Sasa twafikia ile njia ya kusikia. Mama anunuapo chungu sokoni hakitazami tu. Hukigonga kwa kidole akasikiliza. Chungu kizima hulia, chenye ufa hukwaruza. Dunia nayo hugongwa. Mtetemeko wa nchi ni gongo moja kubwa, na mawimbi yake hupita ndani ya miamba yakatokea mahali pengine, ambako seismografu, chombo cha kupimia mitetemeko, huandika saa ya kufika kwake. Katika miamba migumu na ya baridi mawimbi huenda mbio. Katika miamba ya moto, hasa ikiwa imeanza kuyeyuka, hulegea.

Aliyefungua mlango huu ni Andrija Mohorovičić wa mji wa Zagreb. Mwezi wa Oktoba 1909 palitokea mtetemeko karibu na mji wake, naye akalinganisha maandishi ya vituo vingi vya Ulaya. Aliona jambo la kushangaza: mawimbi ya namna moja yalifika mara mbili, kama kwamba yalipita njia mbili. Fikiria ndugu wawili wanaotoka kijijini kwenda mjini. Mmoja anashika njia ya miguu, moja kwa moja. Wa pili anashuka kwanza hadi barabara kuu, anapanda basi, kisha anapanda tena mlima kufika mjini. Mji ukiwa karibu, mwenye miguu hutangulia. Mji ukiwa mbali, mwenye basi humpita ndugu yake ingawa alizunguka. Nawe ukijua ni umbali gani ambapo wa pili anaanza kushinda, na mwendo wa kila mmoja, waweza kukokotoa barabara kuu iko mbali kiasi gani na kijiji, bila wewe mwenyewe kuiona. Ndivyo alivyofanya Mohorovičić. Kijiji ni uso wa nchi, njia ya miguu ni ganda la dunia, ambamo mawimbi huenda kama kilometa 6 kwa sekunde, na barabara kuu ni tabaka lililo chini ya ganda, ambamo huenda kama kilometa 8. Mpaka wa mawili hayo huitwa kwa jina lake hata leo.

Kasoro ya mtetemeko ni kwamba haukuagi kabla ya kuja, wala hausemi umeanzia wapi hasa. Baruti husema. Mwaka 1968 Griffiths na wenzake kutoka Uingereza walilipua baruti ndani ya maziwa mawili, Turkana, ambalo siku zile liliitwa Rudolf, na Bogoria, lililoitwa Hannington. Walipanga vyombo vyao juu ya mstari kati ya maziwa hayo na kusikiliza. Walipata habari kwamba kama kilometa 20 chini pana mwamba ambamo mawimbi huenda kilometa 7.5 kwa sekunde. Mwendo huo ulikuwa wa haraka mno kwa ganda, na wa pole mno kwa tabaka la chini yake kama lijulikanavyo mahali pengine. Wataalamu wakakuna vichwa. Mstari mmoja na maziwa mawili hayakutosha.

Kazi kubwa ilikuja baadaye, katika mradi uliounganisha wataalamu wa Kenya, Uingereza, Ujerumani, Marekani na nchi nyingine, nao wakauita KRISP. Walijaribu mwaka 1985, kisha mwanzoni mwa 1990 wakafanya jambo ambalo halijapata kufanywa hapa. Mstari mmoja wa vyombo ulifuata bonde lenyewe, kutoka Ziwa Turkana kwenda kusini. Mwingine ulilikata bonde kutoka upande wa Ziwa Victoria hata Maporomoko ya Chanler katika mto Ewaso Ng'iro. Baruti ilizamishwa katika maziwa, Turkana, Baringo, Bogoria, Naivasha na Victoria, kwa sababu maji huupeleka mshindo ndani ya nchi vizuri kuliko udongo mkavu. Mahali pasipo na ziwa ilibidi kuchimba visima. Hesabu watu waliohitajika kukesha na vyombo katika vichaka vya Samburu na Baringo, saa zao zote zikiwa zimelinganishwa barabara, wakingojea mshindo ambao wengi wao hawakuusikia kwa masikio. Mwaka 1994 wakarudi, wakapima upande wa kusini, kupitia Magadi na vilima vya Chyulu kuelekea Bahari ya Hindi.

Walipata nini? Chini ya Naivasha, mahali ambapo sakafu ya bonde imeinuka kuliko kote, ganda lina unene wa kama kilometa 35. Chini ya Turkana, ambako sakafu ni ya chini na bonde ni pana zaidi, lina kilometa 20 tu. Chini ya vilima vya Chyulu, nje ya bonde, lafika kama kilometa 44. Hapo ndipo fumbo la 1968 lilipofunguka. Wale wa kwanza walikuwa wamekuta ganda jembamba la kaskazini. Bonde zima si hivyo.

Unga wa chapati ukivutwa, hupungua unene pale uvutwapo. Ganda likisukumwa, lingeongezeka unene chini ya bonde, si kupungua. Hata hivyo nakuonya usiikimbilie hesabu hii kwa upande wa Turkana. Nchi ile ilikwisha kuvutwa mara nyingine zamani za kale, wakati lilipofunguka bonde la Anza, ambalo leo limefukiwa chini ya mchanga na udongo. Kwa hiyo wembamba wake si kazi ya Bonde la Ufa la sasa peke yake.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Mara tu chini ya ganda, katika mstari wa bonde, mawimbi yalikwenda kilometa 7.5 hadi 7.7 kwa sekunde. Lakini kandokando, nje ya kuta, yalikwenda zaidi ya 8. Na badiliko hilo halikuja polepole. Lilitokea karibu chini ya kuta zenyewe, kama kwamba zile kuta tuzionazo kutoka barabara ya Limuru zina mizizi inayokwenda chini kabisa. Mwamba uliolegea hivyo ni wa moto, na sehemu yake ndogo imeyeyuka. Kumbuka sasa pendulo la Bullard: wepesi alioupima ulikuwapo kweli, ila haukuwa katika sakafu. Sehemu yake kubwa ilikuwa chini zaidi, katika miamba ya moto iliyotanuka. Hapakuhitajiwa mikono ya kukandamiza kitu. Wala si haki kumcheka Bullard. Mwaka 1965 ni yeye, pamoja na wenzake wawili, aliyetumia kompyuta kuonyesha jinsi kingo za Afrika na Amerika ya Kusini zinavyoingiana, na kwa kazi hiyo akawa miongoni mwa walioiimarisha habari ya kuachana kwa mabara.

Lakini joto hilo linatoka wapi? Baruti haina nguvu ya kufika huko. Lazima kurudi kwa mitetemeko mikubwa ya mbali. Katika miaka ya 1994 na 1995 wataalamu waliweka vituo 20 nchini Tanzania, vikasikiliza mwaka mzima, na mwaka 2001 na 2002 wakafanya vivyo hivyo nchini Kenya. Njia yao waweza kuifahamu kwa mfano wa shule yako. Siku ya mvua, wanafunzi wa vijiji vyote hufika. Wengine kwa wakati, wengine wamechelewa. Mwalimu mwenye akili, akiwauliza kila mmoja alipita wapi, atatambua kwamba waliochelewa wote walivuka bonde fulani, na hivyo atajua penye matope bila kutoka darasani. Mawimbi yaliyochelewa ni wanafunzi wale, na matope ni miamba ya moto.

Katikati ya Tanzania mawimbi hayakuchelewa. Pale pana bamba la miamba mikongwe, lenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500, na mzizi wake wa baridi na mgumu wafika kilometa 200 au zaidi chini. Tazama ramani, utaona kwamba Bonde la Ufa likitoka kaskazini hugawanyika mikono miwili: mmoja wapita Kenya na kaskazini ya Tanzania, mwingine wapita Ziwa Albert, Kivu na Tanganyika. Katikati yake wamebaki Ziwa Victoria na lile bamba. Nchi ilipasuka mahali ilipokuwa dhaifu, ikaizunguka ile ngumu, kama mpasuaji kuni ambaye shoka lake huepuka kifundo cha mti.

Chini ya mkono wa mashariki, kinyume chake, ulegevu wa mawimbi unaendelea hadi kilometa mia nne hivi. Katika kina cha kilometa 410 kuna mpaka mwingine ndani ya dunia, ambao joto huushusha. Hapa kwetu umekutwa umeshuka kwa kilometa 20 hadi 40. Na picha za dunia nzima, kama ile iliyochapishwa mwaka 1999 na Ritsema na wenzake, zinaonyesha mlima mkubwa wa miamba ya moto unaoanzia karibu na kiini cha dunia, kilometa 2,900 chini ya kusini ya Afrika, ukipanda kwa kuinama kuelekea kaskazini-mashariki, yaani kwetu. Hao ndio wanaozibeba nyanda zetu za juu. Ubaridi wa asubuhi unaokuuma Limuru au Nyahururu, ingawa uko karibu na ikweta, umeletwa na joto la mbali chini yako, lililoiinua nchi hata ikafikia hewa ya baridi. Kama mlima huo wa moto ni mmoja unaojigawa, au ni mito miwili au mitatu inayopanda mbalimbali, wataalamu wanabishana hata leo, na baadhi yenu huenda mkaingia katika ubishi huo.

Mwezi wa Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilifunguka karibu na Suswa ikaikata barabara ya Mai Mahiu na Narok. Magazeti ya ng'ambo yakatangaza kwamba Afrika inagawanyika mbele ya macho yetu. Waliozijua habari hizi walisema kwa utulivu kwamba majivu laini ya volkano yalikuwa yamechukuliwa na maji chini kwa chini, hata juu pakaporomoka. Kwa kweli nchi inaachana, lakini kwa milimita chache kwa mwaka. Ukucha wa kidole chako huupita mwendo huo kwa mbali. Familia zilizohama hazikufarijiwa sana na hesabu hiyo, maana shimo ni shimo. Joto lenyewe limekwisha kutiwa kazini: tangu 1981 mvuke wa Olkaria, kando ya Naivasha, umekuwa ukizungusha mitambo ya umeme, na taa unayosomea usiku huenda inawaka kwa moto wa chini ya bonde.

Ukibahatika kufika Subukia, simama bondeni utazame upande wa mashariki, penye ukuta wa Marmanet. Chini ya ukuta ule ndipo nchi iliposhuka usiku wa 1928. Leo pamelimwa, na ng'ombe hulisha hapo.